Kaseti za Baba Mkwe

Leo nimeaibika, na nimeaibikia ukweni, mbele ya wanawake saba, mmoja wao mke wa mchungaji. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana niliposhuka Voi jioni hii nilikuta habari imeshanitangulia.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana. Wengi wenu mlikuja kumzika. Alikuwa fundi wa njia ya reli hapa Voi mpaka alipostaafu akapanda kwao, juu ya Wundanyi, kulima. Baada ya familia yake alipenda kitu kimoja tu: kaseti. Enzi hizo treni ikisimama stesheni, yeye hupita dirishani akiwauliza abiria kama kuna mwenye kaseti ya kuazima. Anaichukua, anaikimbiza ofisini, anainakili, anairudisha kabla treni haijapiga honi. Ndiyo maana kaseti zake nyingi zinakatika katikati ya wimbo. Treni iliondoka.

Sasa mama mkwe wangu (mimi namwita Mama tu) anahamia kwetu Voi mwezi ujao, kwa sababu magoti yake hayauwezi tena ule mlima. Kaseti ni katoni mbili na nyumba yetu mnaijua. Kwa hivyo wiki iliyopita alinipigia simu akaniomba nipande leo, nizisikilize zote, niandike kwenye daftari ipi ya kuweka na ipi ya kutoa. Za kutoa angempa jirani yake, Mama Shali, azipeleke kwa vijana wa kanisa. Nikamuuliza kwa nini asichague mwenyewe.

"Siwezi," akasema. "Nikisikia kaseti inaanza kukwaruza, nageuka kutafuta kikombe chake."

Mtu atakataaje hapo?

Lakini mnanijua mimi na muziki. Mimi nauza spea za pikipiki. Redio ya dukani hulia kutoka asubuhi mpaka jioni na ukiniuliza wimbo uliopita ulikuwa gani, sijui. Wimbo kwangu ni kelele inayonizuia kusikia kelele nyingine.

Nilifika saa tatu asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nilisikia kuku wa Mama lakini sikuwaona. Mama alinipa chai, akanionyesha chumba kidogo cha nyuma, kile Mzee alichokuwa akikaa. Hakuna kilichosogezwa. Kiti chake cha mbao kinachotazama dirisha. Meza. Miwani juu ya meza, imekunjwa. Redio kaseti kubwa nyeusi. Mama hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, akaniambia redio ilikuwa mbovu tangu kabla Mzee hajafa, kama ninavyojua, labda nijaribu tena.

Nikaifungua. Tatizo lilikuwa kile kimkanda cha mpira kinachozungusha kaseti. Nilikuwa nimebeba kimoja kutoka Voi. Dakika kumi, ikazunguka. Mama akasema mikono yangu ina baraka. Nikaangalia sakafu. (Nilikuwa na sababu ya kuangalia sakafu. Mtaisikia.)

Baridi ya kule ilikuwa inanitafuna vidole vya miguu. Mtu wa Voi hana nguo za kule juu. Mama alipoondoka nilivuta droo ya meza, nikakuta soksi za sufu za Mzee, nene, za rangi ya majivu. Nikazivaa. Nikakaa kwenye kiti chake, nikavaa hedifoni zake, nikafungua daftari la hesabu la binti yangu Mghoi, nikaanza kazi.

Nitasema ukweli: mwanzo ulinifurahisha. Ya kwanza ilikuwa rumba ya Kongo. Magitaa mawili yanapiga soga kama majirani waliokutana uani, na kila ukidhani wameagana, mmoja anakumbuka jambo. Nikaandika: *Ndefu. Weka.* Ya pili, kwaya ya kina mama. Wanaimba kama wanakugombeza kwa kosa ambalo kweli ulilifanya. *Weka, lakini sauti chini.* Ya tatu, taarabu. Mwanamke anamsema jirani yake upande mzima wa kaseti bila kumtaja jina, na fidla zote ziko upande wake. Mpaka mwisho nilikuwa namhurumia huyo jirani. *Weka.* Ya nne, kantri ya Wazungu. Mwanamume ameachwa na mke, mbwa amekufa, gari limeharibika, na anasimulia bila haraka kama mtu anayesoma risiti. *Weka. Nimemwelewa.* Ya tano, nyimbo za filamu za Kihindi. Mama mmoja anapanda na sauti mpaka mahali ambapo mimi ningehitaji ngazi. *Toa, kichwa kinauma.*

Ya sita ilikuwa ngoma za mwazindika, zile ngoma ndefu za zamani za Wadawida, Wataita wa kule juu, za kupunga pepo. Hiyo haikurekodiwa studio. Unasikia miguu ya watu, unasikia vumbi, unasikia mwanamke mmoja anapumua karibu sana, kama amekuegemea bega. Ngoma zilianza polepole, kisha zikaanza kuniingia kwenye mbavu. Niliangalia kikombe changu. Chai ilikuwa inatetemeka. Nikajiambia ni goti langu linagonga meza. Nikashika goti. Lilikuwa limetulia.

Nikazima. Sikuandika kitu.

Saa tano stima ikapotea. Mama akaniletea betri kutoka jikoni, zile alizokuwa akitumia kwenye tochi. Akaniambia saa nane kikundi chake cha maombi kinakuja, kwa hivyo nisitoe hedifoni. Nikamwambia asijali.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Nilihesabu kaseti zilizobaki. Kila moja ina pande mbili. Nikaona wazi kwamba nikisikiliza zote nitazeekea hapo. Nikaanza kusikiliza wimbo mmoja mmoja. Halafu nusu wimbo. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kusoma jalada na kuandika. *Rege, nzuri, ina ujumbe. Toa.* *Disko ya zamani, imepitwa na wakati. Toa.* *Kinanda kitupu, inaleta usingizi. Toa.* Hizo tatu sikuzigusa hata kidogo. Katoni ya kutoa ikajaa, na nikaisogeza sebuleni, karibu na mlango, tayari kwa Mama Shali.

Niliporudi nikaweka kaseti ya benga, nipumzike tu. Wimbo wa kwanza ukaisha. Na kwenye kile kimya kabla ya wimbo wa pili, mtu akakohoa nyuma yangu.

Kikohozi kifupi cha kusafisha koo. Mara mbili. Nikageuka nikisema, "Naam, Mama."

Hakukuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikavua hedifoni nikasikiliza. Kulikuwa na matone ya ukungu tu yakidondoka kutoka kwenye mabati. Nikavaa tena. Wimbo wa pili ukaisha. Kiti kikalia, ule mlio wa mbao mtu anapokaa vizuri. Mimi sikuwa nimesogea. Lakini mlio ulikuwa wa kiti kile kile nilichokalia, naujua, kilikuwa kikilia hivyo asubuhi nzima.

Nikivaa hedifoni, yuko. Nikivua, hayupo.

Nikabadilisha kaseti. Nikaweka nyimbo za injili, nikidhani hizo zina ulinzi. Kati ya wimbo na wimbo, kikombe kikawekwa juu ya meza. Niliusikia mkono ukikiachilia. Nikaangalia meza. Kikombe changu kilikuwa pale pale nilipokiacha, na miwani ya Mzee iko pembeni yake. Na niwaambie, sikuwa na uhakika tena kama asubuhi miwani ile ilikuwa imeelekea dirishani au imeelekea kwangu.

Nje, dirisha lilikuwa jeupe tupu. Huoni mti, huoni njia. Sebuleni nikasikia wanawake wanaingia, wanapangusa miguu, wanasalimiana na Mama. Nikafarijika. Watu wazima saba na Biblia saba, ukuta mmoja tu kati yetu. Nikajiambia maliza, mwanamume.

Imebaki moja. Haikuwa na jalada wala jina, kwa hivyo sikuwa na cha kubuni. Ilibidi niisikilize.

Nikabonyeza. Haikuwa na muziki. Kulikuwa na mkwaruzo tu, mrefu, kama mvua ya mbali. Betri zilikuwa zinakwisha na kaseti ilikuwa ikizunguka kwa uvivu. Kiti kikalia. Kikohozi. Mara mbili. Kisha sauti ya mwanamume, nzito kuliko ya mtu yeyote, ya polepole, kama inatoka chini ya kisima, ikasema kwenye masikio yangu yote mawili:

"Umelala?"

Niliijua ile sauti. Ilikuwa imeshuka na imevutika, lakini ndiyo ile iliyonikaribisha kwenye ile nyumba nilipokwenda kuposa.

"Nakuuliza wewe. Umesikiliza, au unanidanganya?"

Kimya. Mkwaruzo.

"Hujasikiliza. Nilikuwa nakuangalia."

Jamani.

"Na hizo soksi ni zangu. Vua."

Sikumbuki nilivyozivua. Nakumbuka nilisimama, waya wa hedifoni ukakaza, ukachomoka kwenye redio, na mimi nikapita mlangoni nikiwa nimevaa hedifoni kichwani, waya unaburuta, miguu mitupu, na soksi moja kila mkono. Wanawake walikuwa wamefumba macho, mke wa mchungaji anaomba. Nilipiga magoti katikati ya zulia na kuinua zile soksi juu kama sadaka.

Na nikaungama. Hakuna aliyeniuliza. Niliungama kwamba kaseti sikuzisikiliza, niliandika tu. Niliungama soksi. Niliungama minofu miwili ya kuku niliyoitoa kwenye sufuria wakati Mama yuko shambani. Halafu likatoka lile lenyewe, lile lililonifanya niangalie sakafu asubuhi.

Miaka miwili iliyopita Mzee alinipa redio hii niitengeneze. Niliipeleka Voi, nikaiweka chini ya meza dukani, ikakaa miezi mitatu. Sikuifungua hata siku moja. Nilikuwa na kazi nyingi, halafu nikasahau, halafu nikaona aibu. Mwishowe nikairudisha nikamwambia imekufa, haiponi. Akasema asante kwa kujaribu. Akaishi mwaka wake wa mwisho na katoni mbili za kaseti na kitu cha kuzichezea hana.

Nilisema hayo yote kwa sauti, nimefumba macho, mbele ya mama yake mke wangu. Nilipomaliza kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia.

Na ndani ya kile kimya, kutoka chumba cha nyuma, kupitia spika ambayo sasa haikuwa na hedifoni ya kuizuia, ile sauti ikasema polepole, nyumba nzima ikasikia:

"Na chai yangu iko wapi?"

Mama Shali alikuwa amekaa karibu na mlango na katoni ya kutoa mapajani. Sasa hakuwepo, na mlango ulikuwa wazi, na ukungu ulikuwa unaingia. Wanawake wawili walikuwa nyuma ya kochi. Mke wa mchungaji alikuwa amenishika shingo, na mpaka sasa sijui kama alikuwa ananikemea pepo au ananitumia kama ngao.

Mama hakusogea. Aliweka Biblia chini. Akageuza uso kuelekea chumbani, na akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyechoshwa na swali lile lile kwa miaka arobaini:

"Iko jikoni. Miguu si unayo?"

Kisha akafunika mdomo kwa mkono. Nadhani alijisikia mwenyewe.

Aliinuka. Pamoja na yale magoti yake mabovu, alifika chumbani kabla yetu. Tulimfuata polepole, mimi nikiwa wa mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mzee, mkono juu ya redio, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ile sauti ilikuwa bado inaongea, ikizidi kushuka betri zinavyokwisha. Ilikuwa inamtania mtu aliyesinzia katikati ya wimbo. Ilikuwa inamwambia kwamba kila Jumapili anaomba awekewe ile kwaya na kila Jumapili analala kabla ya ubeti wa pili. Kisha sauti ya mwanamke, ya mbali, ya usingizi, ikasema hakulala, alikuwa amefumba macho tu, na miguu ina baridi.

Ilikuwa sauti yake Mama.

Betri zikaisha. Ikanyamaza.

Alitueleza baadaye, alipokwisha kupangusa uso. Yeye ni wa Taveta, kule karibu na Salaita, na Mzee ni wa kule juu, kwa hivyo nyumbani walizungumza Kiswahili. Mzee alinakili kaseti, ofisini na baadaye nyumbani, kwa kuweka redio mbili, moja ya kuazima, zitazamane mezani, hakuna waya, na kila kilichotokea chumbani kiliingia: kikohozi, kiti, kikombe. Na mara nyingine alisahau kuzima. Kuna sauti yake kwenye kaseti fulani, Mama alijua hilo. Hakujua ni ipi. Hakuwa na sauti yake mahali pengine popote. Mzee hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti kwenye simu maishani mwake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba hicho ndicho nilichotumwa kutafuta.

"Ningekuambia," akasema, "na ukikikosa?"

Hapo nikakumbuka katoni. Zile kaseti tatu ambazo sikuzigusa, na nyingine nyingi nilizozionja tu. Nilitoka mbio kwa mara ya pili leo, miguu mitupu, nikateremka kwenye ukungu nikimwita Mama Shali. Yeye akasikia mtu anamwita jina kutoka kwenye kitu cheupe, akaongeza mwendo. Nilimpata kwenye geti la kwao, ameishika katoni kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alinitazama kutoka vidoleni hadi kichwani, akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia ndiyo. Akasema niseme jina la mama yangu. Nikalisema. Akanipa katoni.

Niliporudi, wanawake walikuwa wanakunywa chai na Mama alikuwa ameiweka redio sebuleni, katikati yao. Nikajua sasa nitaulizwa lile lingine. Nikakaa chini bila kuambiwa. Nikasema, "Mama, kuhusu hii redio nilipoirudisha..."

"Alijua," akasema.

Nikainua uso.

"Aliigeuza siku ile ile uliyoileta. Akanionyesha skrubu. Vumbi la hapa, akasema, hata bisibisi haijaligusa." Akamimina chai. "Nilikasirika mimi. Nikataka kumpigia mkeo Wakesho. Akanikataza. Akasema siku moja ukirudi kuitengeneza itakuwa vizuri, usipotengeneza ataimba mwenyewe. Na akaimba, mwaka mzima. Vibaya sana."

Mmoja wa wale wanawake akaanza kucheka. Akajizuia. Kisha wa pili. Kisha Mama mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikalia, kwa hivyo sebule ile ilikuwa na mwanamume mmoja analia na wanawake sita wanacheka, na ndivyo binamu yake mke wangu alivyotukuta alipoingia kuleta maziwa, simu mkononi.

Basi. Hakuna kaseti inayotoka. Kuanzia Jumamosi ijayo napanda kila wiki na betri mpya, nakaa pembeni ya Mama, tunasikiliza kila moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili, hata ile ya Kihindi. Wakesho ameyasoma haya yote kabla sijawatumia na hajaniambia neno, amenitazama tu kisha akatoka nje kucheka na mama yake kwenye simu.

Nanyi mkitaka kucheka, malizeni leo, tafadhali, kwa sababu mke wa mchungaji ameniandikisha kutoa ushuhuda Jumapili kule juu, nanyi najua mtapanda kunisikiliza, na ningependa kuona angalau sura moja kanisani inayonitazama kama mtu mwenye akili timamu.